Kura ya Agosti na Kura ya Oktoba: Kusoma Mwitikio wa Wapiga Kura Kutoka Kabungu

Ikisiri

Makala hii inapinga maelezo yaliyozoeleka kwamba wapiga kura wa vijijini wanapojitokeza wachache, sababu ni uhaba wa mwamko wa kisiasa. Kwa kufuatilia historia ya majimbo ya Mpanda, mkoani Katavi, tangu 2005, inadaiwa kwamba mwitikio wa Oktoba hutegemea zaidi hatima ya walioshindwa katika kura za maoni. Wakiwa na pa kwenda, hurudi vituoni na wafuasi wao. Wakikosa, hubaki nyumbani. Kutokana na dai hilo, makala inapendekeza kura za maoni ziandikwe na kutangazwa kwa utaratibu unaowezesha kupimwa, na inarejesha mezani suala la mgombea binafsi.

Tatizo

Uchaguzi Mkuu wa 31 Oktoba 2010 uliacha tarakimu inayoendelea kuwasumbua wachambuzi wa siasa za Tanzania. Kati ya wapiga kura milioni 20.1 walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa milioni 8.6, yaani asilimia 42.8. Miaka mitano kabla ya hapo kiwango kilikuwa karibu asilimia 72. Maelezo yaliyoenea yalikuwa mepesi: wananchi, hasa wa vijijini, wamechoshwa na siasa, au hawana elimu ya kutosha ya uraia. Tiba nayo ikawa nyepesi vilevile: semina, vipeperushi na matangazo ya redio ya kumkumbusha mkulima kwamba kura ni haki yake.

Maelezo hayo yana kasoro inayoonekana hata kabla ya kufika kijijini. Mwaka 2015 kiwango kilipanda hadi asilimia 67.3, kisha mwaka 2020 kikashuka hadi asilimia 50.7. Elimu ya uraia haipandi na kushuka namna hiyo. Mtu aliyejua thamani ya kura yake mwaka 2005 hakuisahau mwaka 2010, akaikumbuka 2015 na kuisahau tena 2020. Kinachobadilika kwa kasi kiasi hicho lazima kitafutwe kwingine, nami ninadai kwamba kinapatikana katika uchaguzi unaotangulia ule tunaoupima.

Kabungu ni kata ya vijijini katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, ndani ya jimbo lililojulikana kwa miaka mingi kama Mpanda Vijijini. Ni nchi ya mahindi, tumbaku na karanga, na ya wafugaji waliohamia na mifugo yao. Siitumii kwa sababu ni ya pekee. Ninaitumia kwa sababu ni mahali ambapo jina linalorudi kutoka vikao vya Chama Cha Mapinduzi (CCM) ndilo, kwa kawaida, litakalokuwa jina la mbunge. Katika kata ya namna hii uchaguzi huja mara mbili. Kwanza huja ndani ya chama: watia nia huchukua fomu, wajumbe au wanachama hupiga kura, majina hukatwa au kurudi. Kisha, wiki kadhaa baadaye, huja ule unaosimamiwa na Tume ya Uchaguzi. Kwa kuwa kura za maoni za 2010, 2015 na 2025 zilipigwa mapema Agosti (za 2020 zilipigwa Julai), nitauita wa kwanza kura ya Agosti na wa pili kura ya Oktoba.

Wanazuoni wanapokubaliana na wanapotofautiana

Kwamba katika mfumo wa chama kimoja chenye nguvu mchujo wa ndani ndio uchaguzi wenyewe ni jambo lisilohitaji mjadala mrefu. V. O. Key alilionyesha mwaka 1949 kuhusu majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako mchujo wa chama cha Democratic uliwavuta watu na uchaguzi uliofuata ukawa muhuri tu. Jirani zetu Kenya walilifikisha ukingoni mwaka 1988: chini ya KANU, mgombea aliyepata asilimia 70 ya foleni ya mlolongo alitangazwa mbunge bila kusubiri kura ya siri.

Mabishano yanaanza tunapouliza mchujo huo unamfanyia nini mpiga kura. Yonatan Morse, katika kitabu chake cha 2018 kinacholinganisha Tanzania, Kenya na Kameruni, anaiona CCM kama chama kilichojenga taratibu za ndani zinazoaminika kuliko za wenzake, na anaona kuwa taratibu hizo zimekipa uwezo wa kushinda bila kutegemea mno mabavu. Sipingi kwamba taratibu zipo. Ninachopinga ni mahali pa kuzitazamia. Ukizitazama kutoka Dodoma, mchujo wenye watia nia wengi ni dalili ya afya. Ukizitazama kutoka Kabungu, swali ni jingine kabisa: baada ya jina moja kurudi, watu waliokuwa nyuma ya majina mengine wamekwenda wapi?

Waliolisogelea swali hilo zaidi ni wale waliouchunguza uchaguzi wa 1965, uliokusanyiwa tafiti na Lionel Cliffe miaka miwili baadaye. Utaratibu wa TANU, chama tawala cha wakati huo, unafaa kukumbukwa kwa undani. Mkutano wa wilaya ulipiga kura juu ya watia nia, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wakapelekwa kwa wapiga kura wote, wenye kadi na wasio nayo. Isipokuwa majimbo machache ambayo mgombea hakuwa na mpinzani, ugomvi wa ndani ya chama uliamuliwa hadharani. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Silitamani dola la chama kimoja. Lakini hoja haikwepeki: katika jambo hili mahususi, la nani awe mbunge, mkulima asiye na kadi alikuwa na sauti kubwa zaidi mwaka 1965 kuliko aliyokuwa nayo mjukuu wake katika majimbo kadhaa mwaka 2010. Mwaka 1965 kura ya ndani na kura ya umma hazikuwa zimemezana.

Ushahidi wa Mpanda

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka kwa majirani wa Kabungu. Hadi mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa, Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na sifa yake kitaifa ilikuwa ya ngome ya chama tawala: mbali na miji mikubwa, makazi ya wakulima na ya wakimbizi. Sifa hiyo haikuwa ya kweli hata wakati iliposemwa.

Mwaka 2005 ndio mwaka ambao Jakaya Kikwete alipata asilimia 80 ya kura za urais. Nchi nzima, chama cha upinzani cha CHADEMA kilipata majimbo matano tu: Karatu, Moshi Mjini, Kigoma Kaskazini, Tarime, na Mpanda Kati, alikoshinda Said Arfi. Matatu kati ya hayo yaliwakilishwa na watu ambao nchi ingewajua sana: Willibrod Slaa, Zitto Kabwe na Chacha Wangwe. Jina la Mpanda Kati huachwa mara nyingi wasomi wanaposimulia kukua kwa upinzani. Pengine ni kwa sababu haliingii katika hadithi ya Kilimanjaro, wala ya mji wenye wasomi, wala ya mgodi.

Mwaka 2010 ramani ya majimbo ya wilaya ilikuwa imebadilika. Arfi aligombea tena, sasa kwa jimbo la Mpanda Mjini, akashinda tena. Jirani yake lilikuwa jimbo la Katavi, la Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa wakati huo. Pinda alipita bila kupingwa. Kwa hiyo mwaka uleule, katika wilaya ileile, watu wanaouza katika masoko yaleyale na kusikiliza redio zilezile walikuwa na chaguzi mbili za ubunge zisizofanana hata kidogo. Wa mjini walichagua mbunge wa upinzani kwa mara ya pili mfululizo. Wa jimbo la jirani hawakuwa na karatasi ya ubunge.

Mfano huu una uzito kuliko wastani wa kitaifa, na sababu zake zinahitaji kuelezwa.

Kwanza, unaondoa maelezo ya mwamko. Anayeshikilia kwamba kujitokeza hutokana na kiwango cha ufahamu wa watu, lazima aeleze ni kwa nini ufahamu huo usimame kwenye mpaka wa jimbo. Tofauti ya mji na kijiji haitoshi, kwa kuwa Mpanda ya mwaka 2005 haikuwa Moshi. Ulikuwa mji mdogo wa mwisho wa reli, wenye wakazi wengi wanaolima.

Pili, unaonyesha kwamba katika jimbo la Katavi kiwango cha kujitokeza kwa ajili ya ubunge hakikuwa kidogo wala kikubwa. Hakikuwapo. Aliyepita bila kupingwa alihesabiwa kuwa amechaguliwa, kama Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya 1985 ilivyoruhusu, na jimbo lake likaingia katika hesabu ya ushindi wa chama sawa na jimbo lililopigwa kura hadi jioni. Uamuzi uliofanywa ndani ya chama ndio uliokuwa uamuzi pekee. Mpiga kura wa huko aliyekwenda kituoni siku ile alikwenda kwa ajili ya urais, na kwa udiwani pale palipokuwa na ushindani. Kampeni za CCM zimezoea kuomba mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani. Katavi figa moja lilikuwa limeshatulia jikoni kabla moto haujawashwa, na si ajabu kama baadhi ya watu hawakuona haja ya kwenda kuchochea.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, unatuelekeza kwa walioshindwa. Kila kura ya maoni huacha kambi. Mtia nia ana wapambe, wapambe wana ndugu, ndugu wana majirani. Chama chenyewe kinalijua hili kuliko wanazuoni, na ndiyo maana agizo la kwanza baada ya uteuzi huwa lilelile kila msimu: vunjeni makundi. Agizo hilo lisingekuwa na maana kama makundi yangekuwa yanajivunja. Katika jimbo lenye mpinzani wa kweli, kundi lililoshindwa lina njia tatu: kusamehe na kumpigia kura aliyelishinda, kumpigia kura mpinzani kimyakimya, au kukaa nyumbani. Katika jimbo lisilo na mpinzani zimebaki njia mbili, na zote kwa matokeo ya ubunge ni sawa. Albert Hirschman alifundisha mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na jumuiya yake ama hupaza sauti ama huondoka. Kura ya Agosti ikishafungwa, sauti imekwisha. Kinachobaki ni kuondoka, na anayeondoka bila kuwa na pa kwenda huhesabiwa na Tume kama mtu ambaye hakujitokeza.

Mlango ulipofunguliwa

Kama dai hili ni la kweli, basi pale walioshindwa Agosti wanapopata mlango, kura ya Oktoba inapaswa kuchangamka. Mlango umewahi kufunguka kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya jimbo mojamoja. Mwaka 2010 John Shibuda alishindwa katika kura za maoni za CCM, akahamia CHADEMA na kushinda ubunge wa Maswa Magharibi. Mwaka 2015 Ester Bulaya aliiacha CCM, akagombea Bunda Mjini kwa tiketi ya CHADEMA na kumwangusha Stephen Wassira. Si kila anayeondoka hushinda: James Lembeli, aliyehama mwaka huohuo, alishindwa Kahama. Lakini ushindi si kipimo hapa. Kipimo ni kwamba kundi lililoshindwa ndani lilipata karatasi ya kuwekea alama nje.

Milango ya namna hii ina upungufu: haivuki mpaka wa jimbo. Mwananchi wa Kabungu hakunufaika na kuhama kwa mtu wa Maswa. Ndiyo maana namna ya pili ina uzito zaidi. Julai 2015 vikao vya CCM mjini Dodoma vililikata jina la Edward Lowassa, na tarehe 28 mwezi huo akatangaza kujiunga na CHADEMA, akawa mgombea wa muungano wa vyama vya upinzani, UKAWA. Alipata karibu asilimia 40 ya kura dhidi ya asilimia 58 za John Magufuli. Mlango uliofunguliwa kwenye karatasi ya urais hufika kila kituo cha nchi, Kabungu ikiwemo. Aliyeudhiwa na kura ya maoni ya udiwani, ya ubunge au ya urais alikuwa na mahali pa kuipeleka hasira yake, na aliyeipenda CCM alikuwa na sababu ya kuogopa kubaki nyumbani. Waliopiga kura walifika milioni 15.6.

Kenya inatupa jaribio safi zaidi, kwa sababu huko mlango umewekwa na Katiba. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya anaweza kugombea bila chama. Mwaka 2017, baada ya michujo ya Aprili iliyojaa malalamiko, wagombea binafsi walifurika, na kaunti mbili, Laikipia na Isiolo, zikachagua magavana wasio na chama: Ndiritu Muriithi na Mohamed Kuti. Laikipia ilikuwa ndani ya eneo ambalo tiketi ya chama tawala cha Jubilee ilidhaniwa kuwa ndiyo ushindi wenyewe. Uchaguzi wa Agosti mwaka ule uliwatoa Wakenya wapatao asilimia 78 ya walioandikishwa. Sisemi kwamba wagombea binafsi ndio waliowatoa. Ninasema kwamba mchujo haukuwafungia mlango.

Kwetu mlango huo umefungwa kwa sheria. Ibara za 39 na 67 za Katiba zinamtaka mgombea wa urais na wa ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili kwa miaka ishirini: Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2010, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Hukumu hiyo hujadiliwa zaidi kama suala la haki ya mtu mmoja kugombea. Mimi ninaisoma kama suala la wapiga kura wengi kujitokeza.

Hoja pinzani

Pingamizi lenye nguvu zaidi linahusu daftari. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandaliwa 2004 na kutumika mara ya kwanza 2005; mwaka 2015 wapiga kura waliandikishwa upya kwa alama za vidole. Hivyo 2005 na 2015 ni miaka ya daftari jipya, na 2010 na 2020 ni miaka ya daftari lililobeba marehemu na waliohama. Je, kupanda na kushuka kote si kwa sababu hiyo? Kwa sehemu, ndiyo. Katika mkoa kama Katavi, uliohesabiwa watu 564,604 mwaka 2012 na 1,152,958 mwaka 2022, daftari huchakaa kabla ya wino kukauka. Lakini daftari kuukuu huharibu asilimia. Haliwezi kuipunguza idadi ya kura zenyewe. Kati ya 2005 na 2010 kura zilishuka kutoka zaidi ya milioni 11 hadi milioni 8.6, na kati ya 2015 na 2020 zikashuka kutoka milioni 15.6 hadi milioni 15.1, ilhali walioandikishwa walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya milioni 6. Marehemu aliyebaki daftarini hamzuii jirani yake kwenda kupiga kura.

Miaka ya 1995 na 2000 nimeiacha kando kwa makusudi. Wakati huo watu waliandikishwa upya kwa kila uchaguzi, muda mfupi kabla ya kura, na mtu aliyejisumbua kujiandikisha mara nyingi alijisumbua pia kupiga kura. Viwango vyake havilinganishiki na vya baadaye.

Pingamizi la pili ni la umbali na msimu. Vituo viko mbali, na mwishoni mwa Oktoba mkulima anaandaa shamba akisubiri mvua. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yalikuwa kweli mwaka 2010, 2015 na 2020. Kisichobadilika hakiwezi kueleza kinachobadilika.

La tatu ni gumu zaidi. Mwaka 2005 haukuwa na mlango mkubwa wa kutokea, na bado watu walijitokeza. Yapo maelezo mengine yanayoufaa mwaka huo na 2015 pia: kiti cha urais kilikuwa wazi. Ninalikubali hilo, na linapunguza upana wa dai langu. Hatima ya walioshindwa haielezi kila tofauti kati ya mwaka na mwaka. Inaeleza vizuri zaidi tofauti kati ya jimbo na jimbo ndani ya mwaka mmoja, na hapo ndipo Mpanda ya 2010 inaposimama imara. Tena, mwaka ambao kiti kiko wazi ni mwaka ambao mbio za ndani ya chama zinawagusa watu wa kila tawi, kwa hiyo hata maelezo hayo yanaturudisha kwenye kura ya kwanza.

Kuna pia uchaguzi wa 29 Oktoba 2025. Matokeo rasmi yalitaja mwitikio wa karibu asilimia 87 na ushindi wa asilimia 97.66 kwa Samia Suluhu Hassan, katika mwaka ambao CHADEMA hakikuwa na mgombea. Kama tarakimu hizo zingechukuliwa zilivyo, dai langu lingevunjika: mlango ulifungwa, watu wakafurika. Lakini waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi huo haukufikia viwango, na SADC ikaeleza kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kudhihirisha utashi wao. Tarakimu yenye mgogoro wa kiasi hicho haifai kuwa shahidi wa upande wowote.

Je, kupanua wajumbe ni tiba?

Hapa ndipo hoja inapokutana na sera. CCM imebadilisha mara kadhaa idadi ya watu wanaopiga kura ya Agosti. Mwaka 2010 na 2015 kila mwanachama alipiga kura katika tawi lake. Mwaka 2020 haki hiyo ilirudishwa kwa wajumbe wa mikutano mikuu, na nchi ikajifunza msemo kwamba wajumbe si watu. Kigamboni, Faustine Ndugulile alimshinda Paul Makonda kwa kura 190 dhidi ya 122, na Kawe aliyeongoza hakuteuliwa. Jina lililorudi ni la Josephat Gwajima. Mwaka 2025 chama kilipanua tena orodha ya wajumbe, kwa hoja kwamba wapiga kura wengi hawanunuliki kwa urahisi, lakini mchujo wa majina ukatangulia kura ya tarehe 4 Agosti.

Hoja ya kwamba wengi hawanunuliki ina ushahidi. Nahomi Ichino na Noah Nathan, walipochunguza chama cha NDC cha Ghana kilichofungua mchujo wake kwa wanachama wote mwaka 2015, waliona kuwa upanuzi ulibadilisha sura ya waliojitokeza kugombea na kupunguza ununuzi wa kura. Ni jambo jema, nasi tuna historia ndefu ya takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, iliyohalalishwa mwaka 2000 na kubatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006. Lakini upanuzi hautibu tatizo ninalolizungumzia. Mwaka 2010 CCM ilikuwa na kura ya Agosti pana kuliko zote zilizotangulia, na kura ya Oktoba ikawa nyembamba kuliko zote. Kupanua mlango wa kuingilia si sawa na kufungua wa kutokea.

Upo pia upotofu wa uzito. Wajumbe wengi huingia mkutanoni kwa nafasi zao za uongozi, kwa hiyo kata ndogo na kata iliyojaa watu hukaribiana kwa sauti. Wilaya ya Tanganyika ina makazi ya Mishamo, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa 1972. Serikali ilikubali kuwapa uraia watu 162,156 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Raia wapya wanahesabika mara moja katika daftari la Tume. Kuhesabika katika vikao vya chama huhitaji miaka ya kupanda kutoka shina hadi tawi hadi kata. Jimbo la Georgia, Marekani, liliwahi kuwa na mchujo uliohesabu kura kwa vizio vya kaunti, kaunti ndogo zikazidiwa watu lakini si nguvu, hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoupiga marufuku mwaka 1963.

Kikwazo kikubwa zaidi cha utafiti ni kwamba kura ya Agosti haipimiki. Hutangazwa kura za kila mtia nia. Orodha ya wenye haki ya kupiga kura haiwekwi hadharani. Bila orodha hiyo, 190 kwa 122 ni matokeo yasiyo na kiwango cha kujitokeza. Chama kinaweza kujibu kwamba mambo yake ya ndani ni yake. Jibu hilo limekwisha kupitwa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inaingia hadi ndani ya mchakato wa uteuzi, na taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, imekuwa ikiwakamata watu wakati wa kura za maoni. Kenya, kwa marekebisho ya 2022, inakitaka chama kinachofanya mchujo wa wanachama kutumia orodha iliyothibitishwa na Msajili. Na hoja ya chama kama klabu binafsi ndiyo iliyotumika Texas kuwanyima weusi kura ya mchujo, hadi ilipokataliwa mahakamani mwaka 1944.

Hitimisho

Mapendekezo yanayotokana na haya ni matatu. Kila chama kipeleke kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, kabla ya kura za maoni, idadi ya wenye haki ya kupiga kura kwa kila tawi na kata. Matokeo yabandikwe mahali ilipopigwa kura, yakiwa na idadi hiyo. Na hukumu ya 2013 itekelezwe, ili aliyeshindwa Agosti aweze kurudi Oktoba mbele ya watu wote. Sheria ya uchaguzi ya 2024, inayotaka mgombea pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana, imeondoa aibu ya kupita bila kupingwa. Haijampa mpiga kura mtu wa pili wa kumchagua.

Ushahidi wa wilaya moja haubebi nadharia ya nchi nzima, na nimeonyesha mahali ambapo kiti kilicho wazi au daftari jipya vinaeleza mambo kwa ubora uleule. Hata hivyo niko tayari kwenda hatua moja mbele ya ushahidi wangu: tarakimu ya asilimia 42.8 haikutokana na uvivu wa wananchi. Kwa sehemu kubwa ilikuwa hesabu ya makundi yaliyovunjwa kwa agizo, si kwa ridhaa. Dai hili linaweza kupimwa mwaka 2030. Wagombea binafsi wakiruhusiwa na daftari likisafishwa, majimbo yatakayokuwa na mtia nia wa CCM aliyeshindwa na kugombea peke yake yanapaswa kuwa na mwitikio mkubwa kuliko majirani yake. Yasipokuwa nao, nitakuwa nimekosea, na wenye semina za elimu ya mpiga kura watakuwa na haki ya kuendelea nazo.